Mkono wa Kushoto wa Tuta

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Jumatatu tarehe 12 Mei 1997, mistari miwili kwenye kompyuta ya Vera Nabangala iliachana kwa mara ya tisa mfululizo. Mstari mweusi ulikuwa wa modeli: kile ambacho hesabu zake zilisema kingetokea. Mwekundu ulikuwa wa vipimo: kile kilichotokea kweli. Kwa miezi minne, kuanzia Januari, mistari hiyo ilikuwa imeandamana hata mtu akahitaji miwani kuitenganisha. Tangu tarehe 26 Aprili kila mmoja ulikuwa umeshika njia yake.

Vera alisogeza uso karibu na kioo, akasoma namba moja moja, akarudi nyuma. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, Mbukusu wa Kimilili, na miaka sita ya kukaa Kampala haikuwa imemfundisha kupayuka. Alichapisha grafu zote mbili, akazibandika ukutani, akaenda kuchemsha maji ya chai.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya chini ya nyumba moja ya Bukoto, vyumba vitatu na stoo. Nje, mvua ya alfajiri ilikuwa imeacha vidimbwi barabarani, na nyasi za uani zilikuwa zimefika magotini ingawa zilifyekwa wiki iliyopita. Majirani walijua kwamba humo ndani kuna watu wanaohesabu maji yaliyomo kwenye mchanga wa jangwani, mbali kule Turkana, na hawakuwa wameacha kuwacheka. Ofisi iliwekwa Kampala kwa sababu wafadhili walikuwa na nyumba Kampala. Hapakuwa na sababu nyingine.

Jangwa lenyewe lilikuwa Tuta Namba Nne, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Lodwar. Lilikuwa tuta la mchanga lenye umbo la upinde: kichwa kinachosonga mbele kwa kusukumwa na upepo, na mikono miwili mirefu iliyobaki nyuma kwa kuwa vichaka vimeikamata. Mpimaji wa kwanza aliipa mikono hiyo herufi za Kiingereza, L kwa wa kushoto na R kwa wa kulia. Mkono wa kushoto uliachiwa vichaka vyake. Wa kulia ulifyekwa wote mwaka 1994, ili ijulikane mchanga mtupu unafanya nini na mvua ileile.

Vera alilijua tuta lile kuliko alivyowajua binamu zake. Mtu akiushika mchanga wake wa juu saa sita mchana, unamuunguza kiganja. Akichimba hadi kina cha kiuno, anatoa mchanga unaoshikamana mkononi kama unga uliotiwa maji kidogo. Tabaka la juu linapokauka hukata njia ya maji kupanda, na kwa hiyo huwa kifuniko cha yale ya chini. Jua linajifungia mlango lenyewe. Vera aliona jambo hilo kwa mara ya kwanza mwaka 1991, na tangu siku hiyo hakuacha kulistaajabia, ingawa kwenye ripoti aliandika tu kwamba uvukizi hupungua.

Kichaka hubadilisha hesabu yote. Majani hudaka mvua, matawi huielekeza kwenye shina, vumbi laini hujikusanya chini ya kivuli na kuganda kama gamba, na mizizi hushuka mita nzima kwenda kunywa kile ambacho mchanga ulikuwa umekificha. Vera alikuwa ameliweka hilo lote ndani ya kompyuta kama kabati la droo ishirini zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila droo unene wa sentimita kumi. Mvua iliingia droo ya juu. Kila saa ya kila siku, modeli iliuliza kila droo ina maji kiasi gani, inampa jirani yake wa chini kiasi gani, na mizizi imechukua kiasi gani. Ilimchukua miaka miwili kuiandika.

Modeli iliandikwa ili ijibu swali moja. Kichwa cha tuta kilikuwa kimebakisha mita mia na arobaini kufika kwenye kisima cha pampu na zahanati, nacho kilisonga mita tisa kwa mwaka. Kilipaswa kupandwa miche ya mgunga ili kisimame. Je, miche ikae mita mbili mbili au mita tano tano? Mita mbili zingeukamata mchanga haraka. Lakini modeli ilisema kwamba kwa mita mbili, kufikia Februari ya mwaka wa pili, miche ingekuwa imekunywa hadi tone la mwisho kwenye kina cha mita moja, na ingekufa pamoja. Kwa mita tano ingeishi. Kamati ilikuwa inakutana Ijumaa kuamua.

Godfrey Wamalwa, mkuu wa ofisi, aliingia na mwavuli unaochuruzika. Alisimama mbele ya grafu.

"Nabangala, hiyo nyekundu imepatwa na nini?"

"Imetoka."

"Imetoka kwenda wapi?"

"Kwenye mkono wa kushoto imepanda. Kwenye mkono wa kulia imeshuka."

"Sema kama unaongea na kamati."

"Vipimo vinasema penye vichaka mchanga wa chini una maji mengi kuliko palipofyekwa. Modeli inasema kinyume."

Wamalwa alifunga mwavuli polepole. "Basi vichaka vinatunza maji. Basi tupande mita mbili."

"Vipimo tisa vinasema hivyo."

"Na modeli yako?"

"Modeli ikipingana na vipimo, yenye kosa ni modeli. Nilikuambia hivyo siku uliyoniajiri."

"Dada yangu, wewe ungekuwa hakimu, ungeanza kwa kujifunga mwenyewe." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Unataka kuniambia Ijumaa utaiondoa?"

"Alhamisi. Barua lazima iwafikie siku moja kabla."

Hakusema hivyo ili asifiwe. Siku tatu zilizopita alikuwa ameshatafuta sababu na ameipata. Tarehe 21 Aprili dhoruba moja ilikuwa imeangusha milimita arobaini na moja juu ya tuta, mvua kubwa kuliko zote za miaka miwili. Yawezekana mvua ya namna hiyo haikupita ndani ya mchanga droo kwa droo. Yawezekana iliteremka kwenye mashina ya vichaka, ikafuata mizizi, ikafika chini moja kwa moja. Jumapili alikuwa ameandika kurasa mbili juu ya jambo hilo. Maelezo yalikuwa mazuri, hayakukosa kiungo, na yaliua kazi yake ya miaka miwili.

Mlango wa stoo ulifunguka. Dawudi, mtunza stoo, mtu wa Kasubi mwenye miaka hamsini na shati lililopigwa pasi, alileta daftari la redio, akamwamkia Vera kama Waganda wanavyomwamkia bibi.

"Habali za asubuhi, nnyabo. Vya leo hivi hapa. Kira kitu nimeandika, sikuacha hata namba moja. Ledio irikuwa safi kabisa."

"Asante, Dawudi. Nimeshaviingiza, nilivisoma ulipoliacha daftari mezani."

"Kweri? Halaka hivyo!" Akaenda zake akitabasamu.

Kituo cha tuta hakikuwa na simu. Kila siku ya pili, saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano asubuhi, mtaalamu wa kituo aitwaye Oduor alisoma vipimo kwa redio, na Kampala ikaandika. Mashimo yalikuwa matatu kwenye kila mkono, kila shimo na vina vitatu: namba kumi na nane kwa kila kipindi. Mwenye kazi ya redio alikuwa Alum. Ila Alum alikwenda Lira kumzika mama mkwe wake, na tangu tarehe 26 Aprili Dawudi alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Vera aliijua tarehe hiyo. Aliijua pia tarehe 21, siku ya dhoruba, na kati ya hizo mbili akili yake ilichagua dhoruba, kwa kuwa dhoruba ni jambo la mchanga na Dawudi si jambo la mchanga. Mwandiko wa Dawudi ulikuwa safi kama kitabu cha shule.

Jumanne, saa nne asubuhi, Alum alirudi.

Alikuwa mwanamke mrefu wa kabila la Lango, mwenye miaka arobaini na minne, mke wa sajini, mkazi wa kambi ya polisi ya Naguru. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye redio ya polisi miaka kumi na moja kabla ya kuacha kazi, na ofisi nzima, pamoja na Wamalwa, ilimwita afande. Hakuna aliyeanza desturi hiyo kwa utani. Mtu alimsikia redioni mara moja, akaanza kumwita hivyo.

"Pole na msiba, afande," Vera alisema.

"Asante, madam. Mama tulizika vizuri. Watu walikuja wengi, mpaka sufuria ilikosa." Aliweka mkoba chini, akaenda kwenye redio, akaitazama kama mtu anayemkagua mtoto aliyeachwa kwa jirani. Aligusa kitufe kimoja, akakirudisha mahali pake. Akatoka uani kuangalia waya wa antena, na Vera akamsikia akimfukuza kaloli, yule korongo mkubwa wa Kampala, aliyetua juu ya nguzo. "Toka! Hapa si jalala, toka!" Akarudi, akaketi, akafungua daftari.

Alisoma kurasa tisa bila haraka. Kisha akaweka kidole juu ya neno moja.

"Madam. Hii 'er' ni nini?"

Vera aliinama. Kwenye mwandiko ule safi kulikuwa na safu mbili: er1, er2, er3, al1, al2, al3.

"R. Mkono wa kulia."

"Nani amesema?"

Vera aliinama tena juu ya daftari. "Imeandikwa er," alisema.

"Ndiyo, imeandikwa. Mimi nauliza, nani amesema hii ni Romeo?"

Watu wa redio hawataji herufi kwa sauti yake tupu. Husema Lima kwa L na Romeo kwa R, na kwa kila herufi wana jina, ili mkwaruzo usimeze sehemu muhimu. Miezi minne Alum na Oduor walikuwa wamesema Lima na Romeo, na Alum alikuwa akiandika L na R. Vera alikuwa anayajua hayo kama mtu anavyojua rangi ya mlango wa ofisi yake: bila kuutazama.

"Ssebo Dawudi!" Alum aliita, kwa heshima kama Waganda waitavyo bwana. "Kuja hapa kidogo."

Dawudi alitoka stoo.

"Oduor alikuwa anakuambia Lima na Romeo?"

"Siku ya kwanza, afande. Mimi nikauliza, Lima ni nani, Lomeo ni nani? Niridhani ni wafanyakazi wa huko. Akacheka sana. Akasema basi, mzee, tutumie herufi tu, tusikusumbue."

"Herufi gani?"

"Hizo hapo. Er na al."

Alum alimpa kalamu na karatasi. "Kaa. Mimi nasema, wewe unaandika. Usinitazame mdomo." Akajifunika mdomo kwa daftari, maana redio haina midomo. "El."

Dawudi akaandika: er.

"Aar."

Dawudi akaandika: al.

Alum alisema herufi hizo mara kumi, akizichanganya, mara nyingine moja mara tatu mfululizo. Dawudi aliandika mara kumi. Kila el ikawa er. Kila aar ikawa al. Mpangilio haukuvunjika hata mara moja.

Vera alijikuta ana matumaini, akayatilia shaka papo hapo.

Kwa Kiganda, l na r ni sauti moja inayovaa nguo mbili. Mtoto wa darasa la kwanza hufundishwa: baada ya e au i andika r, kwingine kote andika l. Mkono wa Dawudi ulikuwa umeitii kanuni hiyo kwa miaka arobaini na tatu. Jina la herufi ya kwanza lina e, basi kilichofuata kiliandikwa r. Jina la pili lina a, basi kilichofuata kiliandikwa l. Na Vera alikuwa amezoea Kampala kiasi kwamba mtu aliposema habali na kweri mbele yake, masikio yake yalisahihisha yenyewe bila kumwarifu.

"Sasa kosa liko wapi?" Dawudi aliuliza, akiwatazama kwa zamu. "Si ndivyo inavyoandikwa?"

"Ndivyo inavyoandikwa, ssebo," Alum alisema. "Kwenu. Kule signal, kwenye redio za polisi, ungekimbia uwanja mara kumi na bunduki juu ya kichwa."

Wamalwa alikuwa amesimama mlangoni. "Dawudi! Wiki mbili na zaidi umetubebesha tuta kinyumenyume?"

"Dawudi aliandika alichosikia," Vera alisema. "Aliyechapa R ni mimi. Aliyechapa L ni mimi."

"Sawa, sawa. Nimesikia. Basi geuza, tumalize. Dakika tano."

"Sigeuzi."

Wamalwa alimtazama. "Umeona kwa macho yako. Mara kumi!"

"Nimeona anavyomsikia afande aliye mita moja kutoka kwake. Sijasikia Oduor alichosema. Na kugeuza kunanifaa mimi, bwana Wamalwa. Jambo linalonifaa nalitaka liwe na ushahidi zaidi, sio pungufu. Oduor ana kitabu chake. Atusomee upya."

"Lini?"

"Kesho ni siku yake," Alum alisema. "Saa kumi na mbili na arobaini na tano. Mimi nitakuwa hapa saa kumi na mbili. Wewe madam, kuja na karatasi yako, na usiongee."

Jumatano umeme haukuwepo Bukoto yote. Alum aliunganisha redio na betri ya gari iliyonunuliwa Kikuubo, akaifuta vichwa vyake kwa kitambaa chenye magadi, akavaa vipokea sauti, kisha akavivua na kufungulia kipaza ili Vera asikie. Kilichotoka kilikuwa mlio wa maji ya moto yakimwagwa juu ya bati. Mahali fulani kati ya Kampala na Turkana palikuwa na radi.

"Kituo Nne, Kituo Nne, hapa Bukoto. Unanipata? Ova."

Mkwaruzo. Alum alisubiri. Alirudia, kwa sauti ileile, si juu zaidi wala chini zaidi. Mara ya sita sauti ya mtu ilitokea, nyembamba, kama inatoka ndani ya mtungi.

"...fande! Umerudi! Huyu ndugu yangu Dawudi aliniuliza kama Lima ni mke wa Romeo! Ova."

"Nimerudi. Kucheka tutacheka mwezi ujao. Leta kitabu chako cha tarehe ishirini na sita mwezi wa nne mpaka tarehe kumi na mbili mwezi wa tano. Nataka kina cha tisini peke yake. Mashimo sita, mara tisa. Sema Lima, sema Romeo. Kila namba mara mbili. Mimi narudia, wewe unakubali. Ova."

Vera alikuwa ameketi pembeni na jedwali lake. Alikuwa ameomba kina cha sentimita tisini kwa kuwa hapo ndipo mizizi ilikuwa na hapo ndipo hoja yote ilipokaa: namba hamsini na nne. Safu moja ilikuwa na maandishi ya Dawudi kama alivyoyaandika, er na al. Safu ya pili ilikuwa tupu.

"Lima moja," ilisema sauti ya Oduor. "Mbili nukta tatu. Mbili nukta tatu."

Alum alirudia. Oduor akakubali. Vera akaandika. Kwenye daftari la Dawudi, 2.3 ilikuwa ya er1.

Namba moja haithibitishi kitu. Vera alinyoosha mgongo, akasubiri ya pili.

Ndipo akaanza kuona kazi ya Alum. Miaka mitatu walikuwa wamefanya kazi chini ya paa moja, na kila mara Vera alikuwa amepokea karatasi iliyokwisha andikwa. Hakuwahi kukaa na kutazama. Alum hakukaza macho wala hakuinamia kipaza sauti. Alifumba jicho moja tu, la kushoto. Radi ilipokuja aliacha kusikiliza kabisa, mabega yakalegea. Ilipopita alikuwa pale, kwenye nukta ileile, kana kwamba alijua itachukua muda gani. Sauti ya Oduor iliposhuka alizungusha kitufe kwa upana wa ukucha, na sauti ikarudi. Hakukisia namba hata moja. Akipata nusu, alisema, "Nusu. Rudia." Wala hakuchoka kusema hivyo. Kufikia namba ya ishirini alikuwa amesema mara kumi na nne.

Namba ya thelathini na tano ilikuwa ya shimo la pili la mkono wa kulia, tarehe 6 Mei.

"Romeo mbili. Nne nukta n... Nne nukta n..."

"Nne nukta nne? Ova."

Mkwaruzo. "...ana... nukta n..."

"Nane ama nne? Ova."

Sauti ilikuja, lakini katikati yake palikuwa na tundu. Vera alitazama jedwali. Dawudi alikuwa ameandika 4.8. Alijikuta anataka kumwonyesha Alum, akauweka mkono wake juu ya jedwali na kulifunika lisionekane.

Alum hakugeuka. "Kituo Nne, sikiliza. Usiongee tena. Namba ya mwisho nipigie kwa kitufe. Ni nne, bonyeza mara nne. Ni nane, bonyeza mara nane. Taratibu. Ova."

Kukawa kimya cha mkwaruzo. Kisha, ndani ya mkwaruzo, tundu dogo la ukimya lilifunguka na kufunga. Mtu akibonyeza kitufe cha kuongea bila kusema neno, redio ya upande wa pili hunyamaza kwa muda ambao kidole kimekaa. Sauti inaweza kumezwa na radi. Ukimya haumezwi hivyo. Alum aliinua kidole chake kimoja. Tundu la pili. Kidole cha pili. La tatu. La nne. Alum aliinua na kidole gumba, kwa sababu tundu la tano lilikuwa limefika. La sita. La saba. La nane. Halafu mkwaruzo mtupu, muda mrefu.

"Nane," Alum alisema. "Dawudi aliandika ngapi?"

"Nane."

"Ana masikio, huyu mzee. Ni herufi tu." Akabonyeza. "Romeo mbili, nne nukta nane. Endelea. Ova."

Walimaliza saa mbili na dakika tano. Namba hamsini na nne za Oduor zililingana na namba hamsini na nne za Dawudi, bila kupungua hata moja, mradi er isomwe Lima na al isomwe Romeo. Vera alizihesabu mara mbili. Kisha akaenda stoo, ambako Dawudi alikuwa akipanga makopo ya rangi, akamwonyesha jedwali zima.

"Hamsini na nne kwa hamsini na nne, ssebo. Hata ile ambayo afande hakuisikia, wewe uliisikia."

Dawudi alisoma safu zote mbili kwa kidole, akatikisa kichwa. "Lakini mlima umenigeukia, nnyabo."

"Hukuugeuza wewe. Ungeandika siku moja hivi na siku nyingine vile, tusingeweza kuusimamisha tena."

Umeme ulirudi saa nane mchana. Vera alibadilisha safu, akaendesha modeli kuanzia tarehe mosi Januari. Mwekundu ulikwenda kando ya mweusi mpaka tarehe 25 Aprili, ukapita, ukaendelea. Kwa kina cha tisini, modeli ilikuwa imetabiri wastani wa asilimia 2.2 penye vichaka na 4.7 palipofyekwa. Vipimo vilisema 2.3 na 4.8. Vera aliwaita wote watatu waje kutazama, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Ni nini tunaangalia?" Alum aliuliza.

"Hapo unaona mvua ya tarehe ishirini na moja ikishuka. Siku tano imefika hapa. Siku tisa, hapa. Na hapa vichaka vinaanza kuichukua. Unaona mstari unavyoinama? Hiyo ni mizizi inakunywa."

Alum aliufuata mstari kwa kidole. "Na wewe uliandika itainama kabla haijainama."

"Mwezi wa kwanza."

"Kumbe," Alum alisema. Akauliza kama anaweza kupewa nakala moja ya karatasi ile, akaikunja, akaitia mkobani.

Palibaki pengo dogo moja. Kwenye kina cha sitini, mkono wa kushoto, mchanga halisi ulikuwa na unyevu zaidi kwa sehemu tatu za kumi za asilimia kuliko modeli ilivyosema, kwa siku nne baada ya dhoruba. Mvua kubwa ilikuwa kweli imeteremka kwenye mashina, ila haikufika mbali. Wamalwa alisema hakuna mjumbe wa kamati atakayeliona. Vera aliliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa barua yake, na chini yake akaandika pia kosa la herufi, jinsi lilivyotokea, nani alichapa, na nani aliligundua: Bi. Alum, mwendesha redio.

Ijumaa tarehe 16 Mei kamati ilikaa kuanzia saa tatu. Mjumbe mmoja alisema miche elfu ishirini na sita ilikuwa imeshaoteshwa kwa ajili ya mita mbili, na itakuwa aibu kuiacha kwenye vitalu. Wamalwa aliinuka. Alisema kwamba siku ya Jumatatu mtaalamu wake alikuwa tayari kuifuta kazi yake mwenyewe kwa kalamu yake mwenyewe, na siku ya Jumanne alikataa kuiokoa mpaka aonyeshwe ushahidi. Kwa hiyo akisema tano, yeye Wamalwa anasaini tano. Akasaini. Wengine wanne wakasaini baada yake. Miche iliyobaki iligawiwa kwa shule za Lodwar.

Jumanne tarehe 3 Juni ilikuwa Sikukuu ya Mashahidi. Barabara zilijaa mahujaji waliokuwa wakitembea kwenda Namugongo, na ofisi ilikuwa imefungwa, ila siku hiyo ilikuwa siku ya Oduor, na Alum alifungua redio. Hewa ilikuwa safi. Oduor alisoma namba kumi na nane, kisha akaongeza kwamba kazi ya kupanda imekwisha: miche elfu nne mia moja na sitini, mita tano tano, wa mwisho ulitiwa ardhini siku iliyotangulia saa kumi na moja jioni.